Siku Gramu Alipoacha Kuchungulia

Kazini walimwita Gramu. Jina hilo lilimganda tangu mwaka wake wa kwanza wa ufundi, daktari mmoja aliposema mtoto ana "kilo tatu hivi", naye akamjibu kwa adabu zote kwamba hajawahi kuona kipimo kinachoitwa hivi. Nyumbani alikuwa Baba Pacha, kwa sababu ya mabinti zake wawili wa miaka kumi na mitatu, waliofanana mpaka walimu wao walishaacha kubahatisha nani ni nani.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza na kupima mizani za hospitali na zahanati zote za wilaya. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya hospitali: meza ya zege isiyotikisika, dirisha lisilofunguliwa kamwe ili upepo usije ukasukuma sahani za mizani, na kasha la mbao lililotandikwa mahameli. Ndani ya kasha mlikuwa na mawe ya shaba ya kupimia, kuanzia gramu moja hadi kilo tano. Aliyashika kwa glavu tu. Mafuta ya vidole huongeza uzito. Ni kidogo sana, lakini huongeza.

Alikuwa mwoga. Sisemi hivyo kwa kumdharau, mwenyewe alikiri. Akifunga mlango alirudi kuusukuma, akifika kwenye kona alirudi tena. Mikutanoni alikaa nyuma ya nguzo. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa msomaji wa mita za maji, mwanamke wa kuingia nyua za watu thelathini kwa siku na kuzungumza na mbwa wao kana kwamba ni majirani. Alizoea kusema kwamba kwenye ugawaji wa woga, mumewe alichukua fungu la familia nzima.

Mtu wa namna hiyo alipojiunga na jukwaa la mtandaoni la mafundi wa mizani, hakujiunga ili aongee. Jukwaa lilikuwa na watu kama mia tisa kutoka nchi kadhaa, wakiitana "mkuu" wote, hata anayeuliza betri inaingia upande gani. Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na orodha ya maneno ya pale, iliyoandikwa na msimamizi, mwalimu mstaafu wa vipimo waliyempachika jina la Bibi Nukta kwa sababu hakuacha sentensi ya mtu ipite bila nukta yake.

Gramu aliichapa orodha hiyo na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Mazungumzo ya jambo moja, kuanzia swali mpaka jibu la mwisho, yaliitwa uzi. Anayeuanzisha ni mleta uzi. Matangazo ya dawa za nguvu na bahati nasibu ni taka. Kuongelea mpira kwenye uzi wa mizani ni kutoka nje ya mada. Matusi ya kujibizana ni moto, na orodha ilionya kwamba moto hauzimwi kwa kujibu. Mchokozi ni yule anayeandika ili wengine wakasirike, si ili wajue. Vivuli ni majina mengi ya mtu mmoja, anayejiuliza, anajijibu, kisha anajipongeza. Na anayesoma kila siku bila kuandika neno ni mchunguliaji. "Wachunguliaji tunawapenda," aliandika Bibi Nukta. "Ila mkichoka kusimama dirishani, mlango uko wazi."

Gramu alisimama dirishani miaka mitatu.

Chini ya orodha palikuwa na ushauri mmoja aliousoma mara nyingi bila kuutilia maanani: usitumie jukwaani jina unaloitwa mtaani au kazini kwako. Yeye alijiandikisha kama Gramu. Mtu asiyesema kitu, nani atamtafuta?

Mambo yalianza Jumanne moja, saa saba mchana. Simu ililia karakanani. Alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki ya watoto, mama wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Fundi, njoo uone kitu."

"Kimevunjika, Sista?"

"Afadhali kingevunjika."

Mezani kliniki palikuwa na mizani mbili za watoto wachanga. Moja ilikuwa ya zamani, ya mshale. Ya pili ilikuwa ya umeme, nyeupe, mojawapo ya arobaini zilizogawiwa wilaya nzima miezi minne nyuma. Sista alimlaza mtoto wa kiume, mkimya kuliko inavyotakiwa, kwenye ile ya zamani: kilo tano na gramu mia moja. Akamhamishia kwenye mpya: kilo tano na mia saba.

"Huyu aliletwa wiki mbili zilizopita," alisema Sista. "Mizani mpya ikasema yuko sawa. Tukamrudisha nyumbani bila chakula cha dawa cha watoto waliokonda."

Gramu alimtazama mtoto. Mikono ilikuwa myembamba kama kalamu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi, akiwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, asielewe wanachozungumzia lakini akijua ni cha mwanawe.

Aliibeba mizani hadi karakanani. Kesho yake asubuhi aliijaribu ikiwa baridi, na ilikuwa sahihi kama kiapo. Akaiacha inafanya kazi. Saa nne iliongeza gramu mia mbili. Saa sita, mia nne. Saa saba, mia sita. Kulikuwa na kitu ndani kilichopata joto na kuanza kudanganya, na kilidanganya upande mbaya zaidi: mtoto aliyekonda kilimnenepesha. Wakaguzi walizoea kupita asubuhi, saa mbili. Hakuna aliyewahi kurudi mchana.

Alimwandikia mkuu wa karakana ripoti ya ukurasa mmoja. Mkuu aliisoma akiwa amesimama.

"Umemwonyesha mtu mwingine?"

"Hapana, mkuu."

"Basi iache kwangu. Mizani hizi zimepokelewa kwa sherehe, picha zikapigwa. Tusikurupuke."

Wiki ikapita. Akauliza, akaambiwa inashughulikiwa. Kila siku ifikapo saa saba aliacha kazi na kutazama saa, kwa sababu alijua kwamba saa hiyo, kwenye zahanati thelathini na tisa, kuna akina mama wanaambiwa wana watoto wenye afya.

Ndipo alipofungua jukwaa wakati wa mapumziko, mlango wa karakana ukiwa umefungwa, na kuandika. Aliandika na kufuta mara sita. Mwishowe uzi wake ulikuwa mistari minne: mizani ya aina hii, ikipata joto inaongeza kiasi hiki, je, kuna mwingine aliyeliona hili?

Ndani ya saa moja walimjibu wawili, kutoka sehemu mbili tofauti. Wote waliliona. Mmoja alidhani ni meza yake mbovu, mwingine alidhani ni umeme. Gramu alitabasamu peke yake. Mwili ukawa mwepesi, akajiuliza kwa nini alichelewa miaka yote hiyo.

Saa kumi jioni akaingia mtu aliyejiita Fundi Halisi. Aliandika kwamba mleta uzi ni kibarua asiyejua hata kusawazisha miguu ya mizani. Baada yake akaja Mzee wa Viwango, akisema amezitumia mizani hizo mwaka mzima bila tatizo. Kisha Dada Kipimo, akimsifu Mzee wa Viwango kwa hekima yake na kuuliza mleta uzi amelipwa na nani kuharibu biashara za watu. Asubuhi uzi ulikuwa na majibu themanini na ulikuwa moto mtupu. Wale wawili wa mwanzo walinyamaza.

Siku ya tatu Fundi Halisi aliandika mstari mmoja tu: "Gramu, wasalimie pacha wako."

Gramu aliusoma tena, labda amekosea. Hakuwahi kuandika popote kwamba ana watoto, sembuse pacha. Alizima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani, kisha akakaa akiutazama ule waya mkononi.

Alitoka kazini mapema, akapita shuleni, akawasubiri mabinti getini kama alivyofanya walipokuwa darasa la kwanza. Walimwonea aibu mbele ya wenzao. Njiani aligeuka kila gari lilipopunguza mwendo. Gari la mkate lilisimama nyuma yao, naye akawasukuma wote wawili kwenye duka la vitambaa na kujifanya anauliza bei ya pazia.

"Baba, una nini?" mmoja aliuliza.

"Sina kitu. Tembeeni."

Kesho yake, saa tano asubuhi, Dada Kipimo aliweka picha. Ilikuwa geti la kijani, ukuta wenye ufa wa umbo la uma, na juu ya kizingiti jozi mbili za viatu vya shule zikikauka. Hakukuwa na maneno. Kwa mtu mwingine yeyote ilikuwa picha ya nyumba tu.

Gramu aliufuta uzi. Vidole vilifanya kazi vyenyewe. Kisha akausukuma mlango kuona kama umefungwa, akausukuma tena.

Mama Pacha alimkuta jioni akipigilia ubao dirishani mwa chumba cha mabinti.

"Hilo dirisha limekukosea nini?"

Hakuwa na pa kujificha. Alimweleza yote akiwa bado na nyundo mkononi. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi kitandani kwa mmoja wa mabinti, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita Gramu alimwona akitetemeka midomo. Jambo hilo lilimwogofya kuliko picha. Kama hata yeye anaogopa, basi kweli kuna la kuogopa.

"Umefuta?" aliuliza.

"Nimefuta."

"Na wale watoto wa kliniki?"

Gramu aligeukia ubao na kupigilia msumari mwingine.

Ujumbe wa faragha wa Bibi Nukta ulimfikia asubuhi iliyofuata. "Mwanangu, nimeona umefuta uzi wako, na sikulaumu. Picha nimeiondoa, nakala za yote nimeziweka kwangu, na hao watatu nimewafungia. Sasa nikuambie kitu. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Hao watatu wote huacha nafasi kabla ya mkato, na wote huandika 'kumbu kumbu' kama maneno mawili. Hakuna watu watatu wenye ulemavu huo mmoja. Ni vivuli, mwenye mwili ni mmoja. Jiulize nani anajua una pacha na anajua geti lako. Halafu ujue pia kwamba tangu ufute, mafundi wanne wameniandikia pembeni wakiuliza uzi umekwenda wapi. Nao ni waoga kama wewe."

Gramu aliusoma ule ujumbe mara mbili. Mtu mmoja. Aliipekua kumbukumbu yake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Ndugu zake walijua geti, lakini hawakujua mizani. Wenzake walijua mizani, lakini hawakuwahi kufika kwake. Alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua vyote viwili: wakala aliyezileta mizani zile, mtu mcheshi, mwenye mashati ya mikono mirefu yaliyopigwa pasi barabara, ambaye alitoa mafunzo ya siku moja na kumgawia kila fundi kalenda. Walimwita Bwana Kalenda. Siku ile mvua ilinyesha, akampa Gramu lifti mpaka nyumbani, na mabinti wakatoka getini na mwavuli. "Wamefanana hawa," alisema. "Utawapimaje?" Wote walicheka.

Kumjua hakukumpunguzia woga. Kulimwongezea, kwa sababu sasa kivuli kilikuwa na gari, na gari lilijua njia.

Siku mbili alizunguka na jambo hilo kifuani. Siku ya tatu alipita kliniki kurekebisha mshale wa mizani ya zamani, akamwona yule mtoto wa kiume amelazwa, mpira mwembamba puani. Mama yake alimtambua.

"Wewe ndiye wa mizani?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Waliniambia yuko sawa. Mimi nilikuwa namwona hayuko sawa, lakini mashine ilisema yuko sawa, nikasema labda mimi ndiye mjinga."

Gramu alirudi karakanani akajikaza kisabuni. Hakuandika mistari minne safari hii. Aliweka jedwali zima: saa, jiwe la kilo tano, mizani inasoma nini, siku sita mfululizo za ile wiki ya kusubiri. Chini akaandika: "Msinibishie mimi. Iwasheni saa mbili, ipimeni saa saba, mlete namba." Kisha akabonyeza kitufe.

Bwana Kalenda alikuja kesho yake, saa nane mchana, bila kubisha hodi.

Alikuwa na shati jeupe na tabasamu lilelile. Alivuta kiti, akaketi kati ya Gramu na mlango. Stoo ya jirani ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana, na hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa feni.

"Fundi wangu, habari za siku nyingi?"

"Nzuri."

"Nasikia huko mtandaoni watu wanakuza mambo. Nikasema nije tuongee kiutu uzima." Alinyoosha mkono kwenye kasha lililokuwa wazi, akatoa jiwe la kilo moja kwa vidole vitupu, akaanza kuligeuzageuza kiganjani. "Kitu kidogo hivi, kumbe kizito."

Gramu alitazama vidole vile juu ya shaba.

"Liweke chini, tafadhali," alisema.

"Nini?"

"Jiwe. Halishikwi hivyo." Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Na kama umekuja kwa habari ya uzi, nimeshauandika upya. Kuna watu kumi na moja wameshaleta namba zao. Hata nikifuta mimi, hao siwezi kuwafuta."

Tabasamu lilibaki mdomoni mwa Bwana Kalenda bila kazi. Aliliweka jiwe mezani, si kwenye kasha, akainuka.

"Una familia nzuri," alisema mlangoni. "Watunze."

Gramu alifunga mlango kwa komeo na kukaa sakafuni mpaka stoo ilipofunguliwa na akasikia watu. Ndipo alipompigia mkewe.

Walikwenda polisi pamoja. Askari wa kaunta alikuwa mtu mwema, lakini karatasi walizochapa, nakala za Bibi Nukta pamoja na orodha ya maneno ya jukwaa, zilimsumbua. Alizisoma kwa kidole.

"Huyu mchunguliaji ni nani? Anachungulia wapi?"

"Ni mimi, afande," alisema Gramu.

"Unachungulia madirisha ya watu, halafu unakuja kushtaki?"

"Nachungulia mazungumzo."

"Na hapa pameandikwa kuna moto. Nyumba imeungua?"

Mama Pacha alizichukua karatasi, akazipanga upya juu ya kaunta, akaeleza neno moja baada ya jingine kama anavyowaeleza wateja mita yao inasomwaje. Uzi ni haya mazungumzo. Moto ni haya matusi. Vivuli ni haya majina matatu, na mwenye vivuli ni huyu bwana, aliyekuja leo saa nane mchana na kusema watunze familia. Alipofika kwenye picha ya geti, askari aliacha kutabasamu.

"Hii ni kwenu?"

"Kwetu. Na hivyo ni viatu vya wanangu."

Askari alifungua kitabu na kuanza kuandika.

Bwana Kalenda aliitwa, akakana kila kitu, akaonywa. Baadaye walisikia amehamia mji mwingine na anauza vitanda vya hospitali. Hakushtakiwa. Lakini namba ziliendelea kumiminika jukwaani, kumi na moja zikawa ishirini na sita, na Bibi Nukta alizikusanya, akasahihisha nukta zake, akazipeleka kwenye idara ya viwango kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa, alisema, yeye ni mzee na hana mtu wa kumtishia. Wiki tano baadaye lilikuja gari la kuzichukua mizani zote arobaini. Mkuu wa karakana alisimamia upakiaji na kusema alikuwa na mashaka nazo tangu mwanzo.

Watoto waliopimwa mchana katika miezi ile yote waliitwa kupimwa upya. Wengi walipatikana. Yule wa kiume alitoka wodini akiwa na kilo sita kasorobo. Wawili, Sista alimwambia kwa sauti ya chini, hawakuwahi kurudishwa kliniki, na walipofuatwa nyumbani walikuwa wameshazikwa. Gramu aliuliza tarehe. Sista alimtajia. Mmoja alikuwa amefariki ndani ya zile siku ambazo uzi ulikuwa umefutwa. Sista alisema mtoto yule alikuwa ameshadhoofika mno kabla ya hapo, kwamba siku tatu zisingebadili kitu. Huenda ni kweli. Gramu hakuwahi kumuuliza tena, kwa kuogopa jibu jingine.

Woga haukumtoka. Kwa miezi mitatu mabinti walikwenda shule kwa njia ya kuzunguka, nyuma ya kiwanda cha sabuni, baba yao akiwa katikati. Siku moja walimgomea. Walisema njia ile inanuka na wenzao wanawacheka, na kwamba wanataka kupita barabara kubwa, wawili tu. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anafunga viatu vya kazi, hakuinua kichwa.

"Waache," alisema.

Aliwaacha. Alitembea hatua hamsini nyuma yao, akijifanya anasoma mabango, mpaka walipogeuka wote kwa pamoja na kumwonyesha kwa mkono arudi. Alisimama. Waliendelea kutembea, mikoba ikigonga migongo yao, wakaongea na mwenzao mmoja, wakacheka, wakakata kona. Alibaki pale kwa muda, akihesabu magari yaliyopita, kisha akaenda kazini.